Hela yangu imekwama benki, na kila mtu ananiambia nishukuru

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza mchele Soko la Mwanjelwa hapa Mbeya. Mwezi uliopita nilikwenda kutoa shilingi 400,000 kwenye ATM ili nimlipe mtu aliyeniletea mzigo kutoka Kyela. ATM yenyewe si ya benki yangu, ni ya benki nyingine iliyo jirani na soko. Mashine ikafanya kazi, nikasikia kabisa noti zinahesabiwa kule ndani, halafu kioo kikaandika samahani, muamala haukukamilika. Kadi ikatoka, hela haikutoka. Kabla sijageuka meseji ikaingia kwenye simu: umetoa 400,000, salio lako ni kadhaa.

Nikaenda benki kwangu. Kijana wa huduma kwa wateja akaniambia nisiwe na wasiwasi, itarudi yenyewe ndani ya siku saba. Haikurudi. Nilipokwenda tena mtandao ulikuwa hamna. Siku nyingine nikaambiwa anayeshughulikia mambo hayo yuko likizo. Halafu wakanituma kwa wale wenye ATM, nao wakanirudisha kwa benki yangu. Sasa hivi hadi mlinzi wa getini ananisalimia kwa jina. Na muda wote huo, Shangazi, hakuna aliyeandika chochote isipokuwa dada mmoja aliyechukua namba yangu ya simu nyuma ya karatasi ya risiti.

Kinachonichanganya ni watu wangu. Mume wangu anasema nishukuru haikuwa milioni, na kwamba nikiendelea kuwasumbua watatunyima mkopo tunaoutaka msimu wa mavuno. Mama yangu ni mtu wa Njombe, aliona benki ya wananchi ilivyofungwa kule mwaka 2018, yeye ananiambia hela ikishaingia benki si yako tena. Wenzangu sokoni wote wana hadithi kama yangu au mbaya zaidi, wanazisimulia huku wanacheka. Makato ambayo hatuyaelewi ndiyo hata hatuyahesabu.

Hata mimi mwenyewe nimeanza kujishangaa. Juzi meneja alipita pale kaunta, akanishika mkono, akasema, "Pole mama, tunalishughulikia." Nikatoka nimefurahi. Nilipofika sokoni ndipo nikakumbuka kuwa sijapewa kitu.

Je, niendelee kudai au niache? Au ni mimi ninayetarajia makubwa?

Mama Mchele, Mbeya

*

Marahaba, mwanangu.

Dai. Tena dai kwa karatasi, na nitakueleza namna. Lakini kuna jambo katika barua yako limenikaa rohoni kuliko hata hizo laki nne, nalo ni ile furaha uliyotoka nayo benki baada ya kushikwa mkono. Nilikaa kaunta ya benki miaka mingi kabla ya kustaafu, na furaha hiyo naijua kwa upande wa pili wa dirisha. Wapo wazee waliokuwa wanavua kofia wakifika mbele yangu. Namhesabia mtu mshahara wake, jasho lake mwenyewe, naye ananiambia, "Mungu akubariki mwanangu, umenisaidia." Wapo walioomba radhi kwa kuuliza salio lao. Kwa mtu wa kaunta ni heshima tamu kupokea, ila ukikaa ukaitafakari unaona kwamba mwenye hela ndiye aliyesimama kama mwombaji.

Wewe mwenyewe unafanya biashara, hebu tupime kwa mizani yako. Mizani yako pale Mwanjelwa inakaguliwa na Wakala wa Vipimo. Mteja akilipa kilo tano, akafika nyumbani akakuta nne, atarudi, na atarudi kwa sauti ambayo soko zima litaisikia. Huwezi kumwambia kilo yake itarudi yenyewe ndani ya siku saba. Huwezi kumwambia aliyempimia yuko likizo. Ungempimia kilo yake palepale na kumwomba msamaha, kwa sababu kesho atanunua kwa jirani. Sasa mbona jambo ambalo mteja wako wa kilo tano hawezi kulikubali kwako, wewe ulikubali kwa taasisi yenye wanasheria, wahasibu na kompyuta?

Nadhani najua sababu, na haikuanza na wewe. Tarehe 6 Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, benki binafsi zilitaifishwa. Ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara, na kwa zaidi ya miaka ishirini ndiyo iliyobeba karibu biashara yote ya kibenki Tanzania Bara. Sitaki kuisema vibaya hatua ile. Ilipeleka matawi kwenye wilaya ambazo mabenki ya wakoloni yasingetia mguu, na wakulima wengi waliona hundi kwa mara ya kwanza kwa sababu yake. Lakini mteja hakuwa na pa kwenda. Ukikasirika, ulikuwa unakasirika na kurudi kwenye foleni ileile. Sheria ya mwaka 1991 ndiyo iliyowafungulia mlango mabenki binafsi, na mwaka 1997 ile benki kubwa ikagawanywa, NMB ikazaliwa humo. Mlango ulifunguka, ila sisi tuliolelewa na wazazi wa foleni tulikuwa tumeshazoea kunyamaza. Mama zetu walitufundisha kwenda benki asubuhi sana, kuvaa vizuri, kuongea kwa upole na kutouliza sana. Na wewe, bila shaka, umeanza kuwafundisha wako.

Mama yako nisimpinge haraka, maana nusu ya maneno yake ni kweli kabisa kisheria. Mwaka 1848, katika shauri la Foley dhidi ya Hill, Baraza la Malodi la Uingereza liliamua kwamba mteja akiweka hela benki, hela ile inakuwa ya benki. Lakini hapohapo likasema benki inabaki na deni kwa mteja, deni ambalo lazima ilipe mteja akilidai. Sheria yetu ya benki imesimama juu ya msingi huohuo tuliourithi. Kwa hiyo mwambie mama: ni kweli, ile laki nne haikuwa tena kwenye mfuko wako, ila kuna mtu mwenye jengo na kibao anadaiwa laki nne na binti yake. Wewe ni mdai. Ukiingia pale umeingia kufuata deni, na mdai hatakiwi kuwa mkali, lakini hana sababu ya kunyenyekea.

Na hofu yake ya mwaka 2018 ina haki yake. Januari ya mwaka ule Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano kwa mpigo kwa kukosa mtaji wa kutosha, ile ya Njombe ikiwamo. Wakati ule Bodi ya Bima ya Amana ilikuwa inamlipa mwenye akaunti kiasi kisichozidi shilingi milioni 1.5 tu, na mwenye zaidi ya hapo alibaki kusubiri mali za benki ziuzwe. Tangu mwaka 2023 kiwango hicho kimepanda hadi milioni 7.5. Kwa wenye akiba kama yako na yangu hiyo ni tofauti kubwa. Kibubu hakina bima hata ya shilingi moja, kwa hiyo usikubali kurudishwa huko. Tatizo lako wewe ni jingine. Benki yako haijafilisika, ipo pale na taa zinawaka, ila haijaona sababu ya kuharakisha.

Sasa sikia kilichotokea ndani ya ile mashine, maana ukikielewa hutapumbazwa tena na neno "mtandao".

Ulipobonyeza 400,000, ATM iliuliza benki yako kwa njia ya mtandao unaounganisha mabenki: huyu ana hela? Benki yako ikajibu anazo, ikazikata papo hapo kwenye akaunti yako, na meseji ikatumwa. Kisha mashine ikahesabu noti. Hapo katikati pakatokea hitilafu, labda noti zilikwama, labda mawasiliano yalikatika. Kwa kawaida mashine hutuma ujumbe wa pili kusema sikutoa, mrudishieni. Ujumbe huo wa pili usipofika, benki yako inaendelea kuamini umechukua. Ndiyo maana mara nyingine hela hurudi yenyewe, na kijana wa huduma kwa wateja hakukudanganya aliposema hivyo. Ila zisiporudi ndani ya siku alizozitaja mwenyewe, ni lazima mtu akae atafute.

Na zinatafutika. ATM inaandika kila inachofanya, saa kwa saa, dakika kwa dakika: kadi imeingia, kiasi kimeombwa, noti zimehesabiwa, zimetoka au hazikutoka. Halafu siku wanapoifungua kuijaza, wanahesabu zilizobaki ndani na kulinganisha na kumbukumbu. Ikiwa noti zako hazikutoka, hesabu itaonyesha ziada ya 400,000. Ziada hiyo haina mwenyewe pale, ni yako, na wenye mashine wanajua ipo. Kazi iliyobaki ni benki yako kuwaandikia rasmi, kutaja muamala, na wale kujibu. Ni kazi ya karatasi na barua pepe, si muujiza.

Tena hapo ndipo ulipochezewa mpira. Walipokutuma kwa wenye ATM walikosea. Wewe huna mkataba wowote na wenye ile mashine. Kadi ni ya benki yako, akaunti ni ya benki yako, na aliyekata hela ni benki yako. Malalamiko yanapelekwa kwa aliyetoa kadi, yeye ndiye anayewafuata wenzake. Wakikutuma tena, sema kwa upole: "Kadi mmenipa ninyi, naomba ninyi ndio mwasiliane nao." Kisha kaa kimya usubiri jibu. Usijaze ule ukimya kwa kucheka wala kwa kusema "samahani kwa usumbufu".

Sasa barua. Iandike kwa Meneja wa Tawi, ukurasa mmoja unatosha. Weka jina lako, namba ya akaunti, tarehe na saa ya muamala kama ilivyo kwenye ile meseji, mahali ATM ilipo na ni ya benki gani, kiasi kilichokatwa. Namba ya kadi andika tarakimu nne za mwisho tu, na namba ya siri usimwandikie mtu yeyote hata akiomba. Eleza siku ulizokwenda kulalamika na ulichojibiwa kila mara. Malizia kwa kuomba mambo mawili: namba ya kumbukumbu ya malalamiko yako, na tarehe ya kupewa jibu kwa maandishi. Toa nakala. Barua moja wabaki nayo, nyingine waigonge muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe na jina la aliyepokea, urudi nayo nyumbani. Ambatanisha na taarifa ya akaunti ya mwezi ule.

Pengine unaona muhuri ni jambo dogo. Nikwambie kutoka ndani. Malalamiko ya mdomo yanakaa kichwani mwa karani, na karani ana watu wengine arobaini wanaomsubiri, jioni anafunga hesabu anakwenda zake. Wala si mtu mbaya. Mara nyingi hana hata ruhusa ya kufungua faili la ATM, anachoweza kukupa ni pole. Barua iliyogongwa muhuri inaingia kwenye rejista, na rejista ina mkaguzi. Mkaguzi akija atauliza hii ya Mama Mchele imeishia wapi, na meneja hawezi kumjibu mkaguzi kwamba alikushika mkono. Ile namba yako ya simu nyuma ya risiti, mwanangu, imeshatupwa.

Wasipokujibu, au wakikujibu jibu lisiloeleweka, nakala yako na barua nyingine fupi ziende makao makuu ya benki hiyo. Na baada ya hapo ni Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina dawati la malalamiko ya wateja wa mabenki, na tangu mwaka 2019 kuna kanuni maalumu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Kanuni hizo zinaitaka benki iwe na utaratibu wa kupokea na kutatua malalamiko, na imweleze mteja ada zake kwa uwazi. Benki Kuu itakuuliza kwanza kama uliilalamikia benki yako, na hapo ndipo ile karatasi yenye muhuri inapoongea kwa niaba yako. Una bahati pia, Benki Kuu ina tawi hapohapo Mbeya. Huhitaji nauli ya Dar es Salaam wala Dodoma.

Kuhusu mumeo na mkopo. Hofu yake naiheshimu kwa sababu anaiwazia familia, lakini haina msingi. Anayepima ombi la mkopo anaangalia hela inavyoingia na kutoka kwenye akaunti yako, dhamana, biashara yenyewe, na kumbukumbu zako kwenye kampuni zinazotunza taarifa za mikopo. Humo huandikwa kama ulikopa na kama ulilipa. Hapaandikwi kwamba mama huyu aliwahi kudai hela yake ya ATM. Nikiwa kaunta niliona zaidi kinyume chake: wateja waliotunza karatasi zao na kufuatilia senti zao ndio maafisa mikopo waliowapenda, kwa sababu mtu anayehesabu chake kwa makini huwa anahesabu na cha kukulipa. Na kama ipo benki itakayokunyima mkopo kwa kuwa uliwadai kwa barua ya heshima, basi ni vizuri ukaijua leo, kabla hujaweka hati ya nyumba yenu mikononi mwake.

Hao wenzako wanaosimulia huku wanacheka ndio wanaonisikitisha zaidi. Mkikaa sokoni kila mmoja na hadithi yake, benki inaona mteja mmoja mmoja aliyenyamaza. Haioni soko. Mtu akisema "mabenki yote ndivyo yalivyo", anayefaidika na sentensi hiyo ni yule aliyekaa na hela yako. Kumbuka tozo za miamala ya simu zilipoanza tarehe 15 Julai 2021. Wangapi walisema ni serikali hiyo, utafanya nini? Lakini watu walipiga kelele kila mahali, mitaani, redioni, kwa mawakala, na Septemba ya mwaka uleule zikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka uliofuata zilipoguswa akaunti za benki kelele zikarudi, na tangu Oktoba 2022 tozo kadhaa za benki zikafutwa. Kama serikali yenye polisi ilirudi mezani, tawi la benki lenye meneja mmoja litakushindaje? Wape wenzako nakala ya barua yako waitumie kama mfano, wabadilishe majina na namba tu.

Na yale makato msiyoyahesabu, yahesabuni. Omba taarifa ya akaunti ya miezi mitatu, kaa na kalamu, weka alama kwenye kila mstari ambao si wewe uliyetoa. Utakuta ada ya kila mwezi, ada ya meseji, ada ya kadi, ada ya kutumia ATM ya benki nyingine, kodi. Mingi itakuwa halali, na ni vizuri kuijua. Nenda nayo kaunta, uliza mmoja mmoja: huu ni wa nini, na umeandikwa wapi kwenye orodha yenu ya ada? Orodha hiyo wanayo, ombeni mwione. Mstari ambao hawawezi kuuonyesha kwenye orodha unauongeza kwenye malalamiko yako. Baada ya hapo linganisha na benki ya jirani. Pengine utakuta aina ya akaunti uliyofunguliwa haikufai kabisa, inakukata kama kampuni wakati wewe ni mfanyabiashara mdogo, na ipo nyingine palepale yenye nafuu ambayo hakuna aliyejisumbua kukutajia. Akaunti kufungua nyingine kwa kitambulisho cha NIDA siku hizi haichukui muda. Biashara yako ya kila siku ihamishie wanakokujibu, hii ya zamani uiache wazi hadi deni lako lilipwe ndipo uifunge.

Umeniuliza kama unatarajia makubwa. Ulichotaka ni kulipwa hela iliyokatwa bila kutolewa, kuelezwa ukweli, na mtu mmoja kuandika jina lako kwenye daftari. Mimi naona ulitarajia kidogo mno. Ulitakiwa pia kupigiwa simu bila wewe kwenda. Ulitakiwa kuambiwa siku ya jibu. Na yule mtu wa Kyela uliyemchelewesha, ambaye naamini ulimkopea kwingine ili umlipe, ni hasara uliyobebeshwa na kosa lisilo lako. Iandike nayo kwenye barua, hata kama hawatailipa, ijulikane kwamba laki nne ya mfanyabiashara ikikaa mwezi mzima si laki nne ileile.

Barua iandike leo jioni watoto wakilala, kesho asubuhi ipeleke kabla hujafungua banda. Siku hela itakapoingia, usifunge faili hapohapo. Chukua taarifa ya akaunti uangalie mstari wa chini yake: huenda ule muamala ulioshindikana nao ulikatwa ada ya kutumia ATM ya wengine. Kama ulikatwa, ada hiyo nayo irudi. Kama haijarudi, ongeza sentensi moja kwenye nakala ileile, wagonge muhuri tena.

Shangazi